Merikebu za Seyyid: Historia Fupi ya Jeshi la Majini la Zanzibar

Kila inapokumbukwa tarehe 27 Agosti 1896, siku ya vita vya Waingereza na Zanzibar, husemwa kwamba asubuhi ile jeshi la majini la Zanzibar lilizama pamoja na meli Glasgow mbele ya kasri la sultani. Ni kweli kwamba Glasgow ilijibu mizinga ya Waingereza, na kwamba manowari yao St George iliizamisha palepale bandarini, mbele ya mji wote. Lakini Glasgow ilikuwa meli ya fahari, iliyojengwa Dumbarton, Uskoti, kwa amri ya Seyyid Barghash, na silaha zake zilikuwa mizinga saba midogo na bunduki moja ya Gatling, zawadi ya Malkia Victoria. Jeshi lenyewe lilikuwa limekwisha kufa, na anayetaka kulienzi hana budi kurudi nyuma hadi enzi za Seyyid Said bin Sultan.

Said alikuwa na merikebu za kivita zilizoundwa Bombay. Kubwa kuliko zote, Liverpool, ilibeba mizinga 74, nayo akamtunuku Mfalme William wa Nne wa Uingereza mwaka 1836. Mwaka uliofuata Mazrui, watawala wa Mombasa, wakasalimu amri kwa Said. Mwaka 1840 alimtuma mjumbe wake Ahmad bin Naaman na merikebu Sultana hadi New York, akiwa na tende, kahawa, pembe za ndovu, karafuu na ngozi. Ahmad aliuza shehena, akanunua bidhaa za kurudi nazo, na Sultana ikatengenezwa bila malipo katika karakana ya jeshi la majini la Marekani. Yupo atakayesema kuwa hilo halikuwa jeshi, bali biashara yenye mizinga. Kwa bahari yetu ya zama zile, hoja hiyo haina uzito: merikebu iliyojilipia gharama zake kwa shehena ndiyo iliyoweza kudumu bila mkopo wa mgeni.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba aliyeshika dira kwenda New York alikuwa Mwingereza, William Sleeman, na wakati wa kurudi alikuwa Mmarekani, Sandwith Drinker. Sikatai. Ila wote wawili walikuwa waajiriwa. Neno la mwisho juu ya mali, mabaharia na heshima ya Seyyid lilikuwa la Ahmad. Hapo ndipo tofauti na mambo ya baadaye inapoonekana. Said alifariki mwaka 1856 akiwa baharini ndani ya Victoria, mwaka 1861 Zanzibar na Oman zikatenganishwa, na kimbunga cha Aprili 1872 kikaangamiza merikebu za Barghash pamoja na mikarafuu ya Unguja. Barghash alinunua meli za moshi, na juhudi yake yastahili sifa. Lakini mwaka 1877 kazi ya kuunda jeshi jipya, la nchi kavu, alipewa Lloyd Mathews, luteni wa jeshi la majini la Uingereza. Mathews alipanda hadi kuwa waziri mkuu mwaka 1891, na siku ya vita vya 1896 askari wa Kizanzibari wapatao 900 walisimama upande wa Waingereza, dhidi ya kasri la Khalid bin Barghash, aliyejitangaza sultani. Mabaharia wa Glasgow walipigana, na ushujaa wao usidharauliwe. Amri iliyoweza kuwaokoa ilikuwa imekwisha kuhamia mikononi mwa watu wengine tangu miaka mingi nyuma.