Uanagenzi wa Baharia na Msamiati wa Chombo

Wataalamu waliochunguza istilahi za bahari katika Kiswahili aghalabu wameshughulikia asili ya maneno: nahodha kutoka Kiajemi, baharia kutoka Kiarabu. Jambo lililopewa nafasi ndogo ni jinsi maneno hayo yalivyomwingia baharia mwenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, chomboni, kujifunza kazi na kujifunza lugha vilikuwa kitu kimoja.

Mwanagenzi hakupewa orodha ya maneno. Alianzia ngamani, chini kabisa ya chombo, mahali maji yanapokusanyika, akafua maji. Alimsaidia mpishi, akavuta kamba pamoja na wenzake wakati wa kutweka tanga. Hatua kwa hatua alitambua omo na tezi, joshi na demani. Demani ni kamba ya tanga. Vilevile ni upande usioelekea upepo. Tena ni majira ya mwisho wa kusi. Ni maana ipi iliyokusudiwa, kazi yenyewe ndiyo iliyomjulisha. Tanga kubwa lilipopinduliwa, foromali ilisimamishwa sambamba na mlingoti, na tanga likapitishwa mbele ya mlingoti hadi ubavu wa pili. Katika dakika hizo asiyeelewa amri aliweza kujihatarisha yeye na wenzake wote.

Mfano mmoja unafaa kutajwa. Alan Villiers, Mwaustralia, aliizunguka dunia kati ya 1934 na 1936 akiwa nahodha wa merikebu ya milingoti mitatu, Joseph Conrad. Hata hivyo, mwishoni mwa 1938, alipopanda huko Aden jahazi la Kuwait liitwalo Bayan, la nahodha Ali bin Nasr Nejdi, ilimbidi awe mwanafunzi tena. Alifika Unguja na delta ya Rufiji, walikopakia boriti, akarejea Kuwait mwaka 1939. Kitabu chake, Sons of Sinbad, kilitoka mwaka 1940. Ubingwa wa merikebu haukumwondolea uanagenzi wa jahazi.

Sasa tumfikirie mwanafunzi wa Ngoingwa, mjini Thika, umbali wa mamia ya kilomita kutoka baharini. Darasani hufundishwa methali: Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Huambiwa kwamba kila mtu hatimaye hurudi kwao, na jibu hilo humtosha katika mtihani. Lakini kwake kufua ni kufua nguo, na kubisha ni kubisha hodi au kupinga maneno. Hajui kwamba chombo nacho hubisha kinapoukabili upepo kwa kwenda mshazari huku na huku. Methali anayo, chombo kilichoizaa hana.

Upungufu huu si wa bara peke yake. Majahazi mengi ya pwani leo huendeshwa kwa injini, na kijana wa Lamu au Mombasa anaweza kukua bila kuvuta demani. Kamusi ya Charles Sacleux, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1939, na utafiti wa A. H. J. Prins kuhusu mabaharia wa Lamu, uliotoka mwaka 1965, vimehifadhi mengi. Hata hivyo kamusi huhifadhi neno, haihifadhi mkono ulioshika kamba.

Kwa hiyo hapana budi idara zetu zikusanye istilahi hizi chomboni, kazi ikiendelea, wakati wazee wanaojua tanga wangali hai. Mwalimu wa Ngoingwa atakayepata maelezo ya namna hiyo ataweza kuirudishia methali chombo chake.