Kioo si Nakala

Mwaka jana, Jumanne moja, mama wa jirani alikuja kwa studio ya broo wangu. Alitaka picha ya kijana wake, ya kuweka kwa kitabu cha mazishi. Broo ndiye alimpiga siku ya kuhitimu, akiwa na joho, anacheka. Picha zetu zilikaa kwa kisanduku chenye diski mbili, kimechomekwa kwa ruta, na kila kitu kiliandikwa kwa zote mbili. Jumatatu diski moja ilikuwa imekufa. Tukaweka mpya, kisanduku kikaanza kunakili kutoka kwa ile iliyobaki. "Kesho asubuhi, mama. Iko," broo akamwambia.

Usiku huo diski ya pili ikaanza kulia tik, tik, tik. Kufika saa tisa, kimya.

Hii shida ni ya kitambo. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa RAMAC, kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski. Hiyo hifadhi yake ilikuwa kabati la uzito wa zaidi ya tani moja, sahani 50 ndani, na ilibeba herufi milioni 5 pekee. Leo wimbo mmoja kwa simu unaijaza. Lakini kazi ni ile ile: sahani inazunguka, kichwa kinaelea juu yake kikisoma, bila kuigusa. Siku kitakapoigusa, kwisha.

Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Berkeley, California, waliandika kuhusu RAID. Hoja yao: panga diski nyingi za bei rahisi, lakini kwa sababu zikiwa nyingi lazima moja itakufa karibuni, weka habari za ziada za kuokoa zilizopotea. Lengo ni kazi isisimame diski ikifa. Sisi tulidhani hiyo ndiyo bekapu. Sivyo. Hicho ni kioo: ukifuta picha huku, inafutika kule. Mwizi akibeba kisanduku, amebeba zote. Na diski zetu tulinunua siku moja, duka moja, zikafanya kazi masaa yale yale. Zilizeeka pamoja kama mapacha, halafu tukaiambia iliyobaki ikimbie usiku kucha.

Hata wakubwa wameumia. Mwaka 1998, pale Pixar, mtu aliandika amri ya kufuta kwa mashine iliyobeba Toy Story 2. Wafanyakazi wakaona kofia ya Woody ikipotea, kisha viatu, kisha Woody mwenyewe. Walikuwa na bekapu, lakini ilikuwa imeharibika na hakuna aliyekuwa ameijaribu. Kilichowaokoa ni mtoto mchanga. Galyn Susman alikuwa amejifungua, akawa anafanyia kazi nyumbani, na huko alikuwa na nakala. Kompyuta ile ilifungwa blanketi, ikarudishwa ofisini kwa gari, polepole.

Pwani yetu inajua hadithi kama hiyo. Muyaka wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na mashairi yake yalibaki kwa vichwa vya watu na karatasi chache. Mwalimu Sikujua aliyakusanya, akashirikiana na mmishenari Mwingereza, W. E. Taylor. Karatasi zikaishia London, na mwaka 1940 William Hichens akachapisha diwani. Kwamba zimekaa mbali na kwao inauma, na ina maswali yake. Lakini tunamsoma Muyaka kwa sababu kuna mtu alinakili, na nakala haikukaa mahali pamoja.

Picha ya yule kijana ilipatikana. Binamu yake aliye Doha alitumiwa kwa WhatsApp siku ile ya kuhitimu, na hakuwahi kuifuta. Ilikuwa imebanwa, kwa hivyo ilipochapishwa uso ulikuwa na ukungu. Mama aliiangalia sana, akasema, "Ni yeye."

Siku hizi kuna diski ya tatu, inakaa kwangu, mtaa mwingine kabisa. Kila mwisho wa mwezi naichomeka, nachagua folda yoyote, nafungua picha moja moja. Harusi, ubatizo, watu nisiowajua wakicheka. Nikiona zinafunguka, naichomoa, naenda kulala.