Ngao na Upanga: Robert O. Paxton na Historia ya Jeshi la Vichy

Utangulizi

Mwanahistoria anayeandika kuhusu majeshi ya nchi isiyo yake huandamwa na swali ambalo mwenyeji aghalabu haulizwi: ana haki gani ya kusema? Wapo wanaojibu kwamba mgeni huona vyema kwa sababu hana upande. Wapo pia wanaoshikilia kwamba mgeni hawezi kuelewa kitu kwa kuwa hakuyaonja machungu ya wenyeji; kwao, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Makala haya yanachunguza kazi ya Robert O. Paxton, Mmarekani aliyeandika historia ya jeshi na serikali ya Ufaransa ya miaka ya 1940 hadi 1944, kwa nia ya kuonyesha kwamba majibu yote mawili hayatoshi. Hoja inayotetewa ni kwamba uwezo wa Paxton haukutokana na kutokuwa na upande. Ulitokana na matini aliyolazimika kuyasoma, na namna alivyoyapima maneno ya watawala kwa vitendo vyao.

Mwanafunzi wa Maafisa wa Jeshi

Paxton alizaliwa mwaka 1932 katika mji wa Lexington, jimbo la Virginia. Alipofika Paris mwaka 1960 kufanya utafiti wa tasnifu yake ya uzamifu ya Chuo Kikuu cha Harvard, alikusudia kuandika kuhusu malezi ya maafisa katika chuo cha kijeshi cha Saint-Cyr. Kumbukumbu za chuo hicho zilikuwa zimeteketea vitani, naye mwanahistoria Raoul Girardet akamwelekeza kwenye mada iliyokuwa karibu haijaguswa: jeshi lililotumikia serikali ya Vichy.

Mada hiyo haikuwa ya kale. Wakati huo maafisa wa Ufaransa walikuwa wakipigana nchini Algeria, na mnamo Aprili 1961 majenerali wanne waliasi na kuuteka mji wa Algiers. Swali la mwaka 1940, yaani ni nani anayestahili utii wa askari nchi inapogawanyika, lilikuwa likiulizwa upya mitaani na kambini.

Kikwazo kilikuwa nyaraka. Majalada ya serikali ya Ufaransa yalifungwa kwa miaka 50. Kwa hiyo Paxton aligeukia nyaraka za Ujerumani zilizotekwa na mataifa yaliyoshinda vita na kunakiliwa katika mikrofilamu huko Marekani. Matokeo yake yalikuwa tasnifu ya mwaka 1963, ambayo ilichapishwa kama kitabu mwaka 1966 kwa jina la Parades and Politics at Vichy. Ajabu ni kwamba kile ambacho Wafaransa walikuwa wamekifungia kwao kilikuwa kikisomeka katika makaratasi ya adui wao wa zamani, mbali na Paris.

Sitiari ya Ngao Mbele ya Ushahidi

Ili kuuelewa uzito wa jambo hili, yafaa kukumbuka simulizi iliyotawala wakati huo. Baada ya kushindwa na Ujerumani, Ufaransa ilitia sahihi mapatano ya kusimamisha vita tarehe 22 Juni 1940. Marshali Philippe Pétain aliunda serikali yake katika mji wa Vichy, akaruhusiwa kubaki na jeshi la askari 100,000 katika sehemu ya nchi isiyokaliwa na Wajerumani. Aliposhtakiwa mwaka 1945, Pétain alijitetea kwamba alikuwa ngao ya watu wake. Mwaka 1954 Robert Aron aliipa kauli hiyo sura ya kitaaluma katika kitabu chake cha historia ya Vichy: Pétain alikuwa ngao, de Gaulle alikuwa upanga, na Ufaransa ilivihitaji vyote viwili.

Kwa mhakiki wa fasihi, nguvu ya simulizi hii ni dhahiri. Sitiari moja inawapatanisha mahasimu wawili na kumpa kila msomaji mahali pa heshima pa kusimama. Lakini ngao ina mwelekeo: haina budi kuelekezwa upande anakotoka adui. Jeshi la Vichy, basi, ndilo kipimo bora cha sitiari hiyo, kwa sababu lilifyatua risasi, na yajulikana lilimfyatulia nani.

Mnamo Septemba 1940, majeshi ya Vichy yaliwafukuza Waingereza na wafuasi wa de Gaulle huko Dakar. Mwezi wa Juni na Julai 1941 yalipigana nao nchini Syria. Mwaka 1942 yalipigana na Waingereza huko Madagaska, na miongoni mwa waliotumwa huko kupambana nayo walikuwa askari wa Keya katika Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, kutoka Kenya, Tanganyika na Nyasaland. Mnamo Novemba 1942 yaliwapiga Wamarekani waliotua Moroko na Algeria. Siku hizohizo ndege za Ujerumani zilitua Tunisia bila kuzuiwa. Na tarehe 11 Novemba, Wajerumani walipovuka mpaka na kulikalia eneo lote la kusini mwa Ufaransa, jeshi lilibaki kambini kama lilivyoamriwa. Jenerali Jean de Lattre de Tassigny alijaribu kukaidi. Alikamatwa, na mwezi wa Januari 1943 akahukumiwa kifungo cha miaka 10.

Paxton hakuueleza mwenendo huo kwa kudai kwamba maafisa walikuwa wapenzi wa Ujerumani. Wengi walimchukia Mjerumani. Maelezo yake yalihusu utii, kuogopa machafuko, na imani kwamba jeshi dogo lililobaki lingekuwa shule ya kuwafunza vijana maadili mapya. Tangu Agosti 1941 askari walitakiwa kumlia Pétain kiapo cha uaminifu. Msiba wanaousawiri maafisa hawa ni wa watu walioshika amri kwa ukamilifu hadi ikasahaulika amri yenyewe ilikuwa ya kulinda nini.

Kutoka Jeshini hadi Serikalini

Mwaka 1972 Paxton, ambaye tayari alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Columbia, alichapisha Vichy France: Old Guard and New Order. Tafsiri ya Kifaransa ilitoka mwaka 1973. Humo alipanua hoja yake: ushirikiano na Ujerumani uliombwa na Vichy yenyewe, huku Hitler akiupokea kwa ubaridi. Hali kadhalika, sheria ya Oktoba 1940 iliyowabagua Wayahudi ilitungwa na Wafaransa bila kushurutishwa. Suala hili la pili alilichunguza kwa kina pamoja na Michael Marrus katika kitabu cha mwaka 1981.

Si wote waliofurahi. Ilikuwa rahisi kumkumbusha mwandishi kwamba mwaka 1940 alikuwa mtoto wa miaka 8, tena Mmarekani. Hata hivyo, yafaa kujihadhari na hadithi ya shujaa mmoja. Mjerumani Eberhard Jäckel alikuwa amechapisha mwaka 1966 utafiti uliokaribiana na huo. Insha za Stanley Hoffmann zilikuwa zimetayarisha njia, na filamu ya Marcel Ophuls, Le Chagrin et la Pitié, ilikwisha kuwatikisa watazamaji mwaka 1971. Paxton alifika kizazi kipya kilipokuwa tayari kusikia.

Mipaka ya Usomaji Wake

Kuna pingamizi mbili zinazostahili kuzingatiwa. Ya kwanza inahusu utanzu wa nyaraka zenyewe. Barua ya aliyeshindwa kwa mshindi ina kanuni zake: hubembeleza, hukuza urafiki, huahidi kuliko inavyokusudia. Anayezisoma barua za Vichy katika majalada ya Ujerumani anaweza kuidhania lugha ya ombaomba kuwa itikadi yake. Jibu la Paxton liko katika mbinu yake. Sheria zilizopitishwa na risasi zilizofyatuliwa hazikuwa kubembeleza. Pale ambapo maneno na vitendo viliafikiana, shaka ilipungua.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Nyaraka za watawala hazisemi watu wa kawaida waliwaza nini. Utafiti wa Pierre Laborie wa mwaka 1990 kuhusu maoni ya umma ulionyesha mitazamo iliyochanganyika na kubadilika kuliko ile iliyochorwa mwaka 1972. Paxton mwenyewe alikubali baadaye kwamba baadhi ya hukumu zake zilikuwa za jumla mno na kali, na kwamba chuki yake dhidi ya vita vya nchi yake nchini Vietnam ilizipa rangi. Kauli hiyo inavunja dai la mgeni asiye na upande. Paxton alikuwa na upande, na upande huo ulitoka kwao. Kilichomwokoa ni kwamba ushahidi wake ungeweza kukaguliwa na yeyote, akiwemo mpinzani.

Hitimisho

Tarehe 16 Julai 1995, Rais Jacques Chirac alikiri wajibu wa taifa la Ufaransa katika kuwakamata Wayahudi. Mwaka 1997 Paxton alitoa ushahidi huko Bordeaux katika kesi ya Maurice Papon, aliyehukumiwa mwaka uliofuata. Mwenzake Henry Rousso alikataa kutoa ushahidi katika kesi hiyo, akiona kwamba mahakama si mahali pa mwanahistoria. Mwaka 2009 Ufaransa ilimtunuku Paxton nishani ya Légion d'honneur. Hata hivyo, kitabu chake cha kwanza, kile cha jeshi, hakikutafsiriwa kwa Kifaransa hadi mwaka 2004, miaka 38 baada ya kuchapishwa. Yamkini taifa huona wepesi kuwakana wanasiasa wake kuliko kuwahoji askari wake.

Kwa wasomi wa Afrika Mashariki, kazi hii inaacha pengo lisilo la Wafaransa peke yao. Jeshi la Vichy lilisomwa kupitia maafisa wake, kisha kupitia Mjerumani aliyelishinda. Askari wa Keya waliolikabili Madagaska walikuwa na lugha yao, nyimbo zao na masimulizi yao. Nyaraka za Berlin na Paris hazikuandikwa kwa ajili yao, na hazitarajiwi kusema kwa niaba yao. Ngao ile waliiona kutoka upande wa mbele, na ushahidi wa aina hiyo hautafutwi katika mikrofilamu.