Mkono wa Flipart

Wapenda picha wengi wanalijua jina la mchoraji Jean-Baptiste Greuze. La Jean-Jacques Flipart halitajwi, nami naona amedhulumiwa.

Greuze alionyesha mchoro wake "L'Accordée de village" mjini Paris mwaka 1761, katika maonyesho ya Salon pale Louvre. Ni siku ya kuandikishana mkataba wa ndoa kijijini. Mzee ameketi, amenyoosha mikono, anamuusia mkwewe, ambaye tayari ameshika mfuko wa fedha. Msomaji wa kwetu atashangaa: huko mali ilitoka kwa baba wa binti ikaenda kwa mume! Mama ameukamata mkono wa bintiye, mdogo wake anamlilia begani, mwandishi wa mkataba yuko mezani, na sakafuni kuku anatembea na vifaranga. Picha ililetwa maonyesho yakikaribia kufungwa, lakini watu walisongamana mbele yake, na mhakiki Diderot akaisifu kwa kurasa kadhaa. Kisha ikawa mali ya Marquis de Marigny, msimamizi wa majengo ya mfalme. Mwanakijiji gani angebisha hodi kwa bwana huyo?

Flipart ndiye aliyeitoa nje, kwa kuichonga kwenye bamba la shaba ili ichapwe. Mimi hufundisha uchapaji, na wanafunzi wangu hulalamika bamba la ukubwa wa kiganja likiwachukua juma zima. Shaba hupakwa nta, mistari huchorwa kwa sindano, tindikali hula palipo wazi, kisha fundi huzidisha kina kwa kichuma chenye ncha kali. Kosa la mkono halifutiki kirahisi. Tena rangi hamna: wekundu wa shavu, weupe wa nguo, kivuli cha ukutani, vyote sharti vitokane na wino mweusi na nafasi iliyoachwa kati ya mstari na mstari. Flipart alijifunza kazi hiyo nyumbani, maana baba yake naye alikuwa mchongaji. Chapa yake ilitoka mwaka 1770, na familia ile ya kijijini ikaweza kutundikwa kwenye kuta za watu ambao wasingemudu kununua mchoro wa rangi.

Chapa za namna hiyo zilimletea Greuze fedha nyingi. Biashara aliisimamia pamoja na mkewe, Anne-Gabrielle Babuti, binti wa muuza vitabu. Baadaye walizozana juu ya hesabu za biashara hiyo, na mwaka 1793 wakatalikiana. Flipart alikuwa amekwisha kufariki, mwaka 1782.