Mtumba na Mkasi: Maneno na Historia ya Ushonaji wa Nguo Kuukuu katika Maswa

Makala haya yakusudia kueleza jinsi watu wa Maswa walivyopata kujishonea nguo kwa vitambaa na vielezo vilivyokwisha kutumiwa na watu wengine, na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya habari hiyo imehifadhiwa na maneno ya kazi yenyewe. Maswa ni wilaya moja ya Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012 na wenye makao makuu Bariadi. Kabla ya hapo ilihesabiwa katika Mkoa wa Shinyanga. Ni nchi ya Wasukuma, na ni nchi ya pamba. Hata hivyo mkulima avunaye pamba kwa magunia aghalabu huvaa shati lililokwisha kuvaliwa na mtu wa Ulaya au Marekani. Jambo hili husemwa mara nyingi kwa masikitiko, na masikitiko hayo yana haki yake. Lakini kati ya mkulima na shati hilo yupo mtu wa tatu asiyetajwa, naye ni mwenye mkasi. Habari zake ndizo tutakazozifuata.

Yafaa tuanze na neno mtumba. Katika kamusi ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1939, mtumba ni mzigo uliofungwa, hasa mzigo wa nguo uliotengenezwa kuchukuliwa na mpagazi. Ni neno la misafara ya karne ya 19. Wapagazi wengi wa misafara hiyo walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, watu wa bara ile ile ambako mitumba ilipelekwa, nao waliteremka pwani na pembe za ndovu wakarudi na nguo. Ndani ya mtumba mlikuwa na kaniki, nguo nyeusi au ya buluu iliyoiva, iliyotoka Bara Hindi. Na mlikuwa na merikani, nguo nyeupe nzito isiyotiwa rangi. Jina la merikani lataja asili yake. Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na balozi wake mdogo wa kwanza akafika Unguja mwaka 1837. Tangu hapo viwanda vya jimbo la Massachusetts vikaleta nguo hiyo kwa wingi kwa merikebu za Salem. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, nguo za Uingereza na za Bombay zikashika mahali pake. Jina la merikani likabaki, ingawa nguo haikutoka tena Marekani.

Vipimo vya nguo hizo navyo vyatufundisha jambo. Richard Burton, aliyesafiri toka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1857 na 1859, aliviandika: mikono minne ilifanya shuka moja, na shuka mbili zilifanya doti. Nguo nzima iliyokunjwa ya kiwandani iliitwa jora. Msomaji ataona kwamba maneno yote haya yahesabu urefu, wala hakuna hata moja litajalo umbo. Nguo iliyofika bara siku hizo ilikuwa kitambaa kitupu. Aliyeivaa ndiye aliyeipa sura kwa kuifunga kiunoni, kuitupa begani au kuivuka kifuani. Baadaye maana zilihama. Doti leo ni jozi ya kanga, na shuka ni nguo ya kujitanda au ya kitandani. Jora peke yake limebaki karibu na pale lilipokuwa.

Nguo yenye umbo, yaani yenye mikono, kola na vifungo, ilihitaji vitu vitatu: kitambaa, cherehani na kielezo cha kukatia. Ni ajabu kwamba vitu vyote vitatu vyaweza kufuatwa hadi pembe moja ya dunia. Merikani, kama tulivyosema, ilifumwa Massachusetts. Isaac Singer alipata hati ya cherehani yake mwaka 1851, baada ya kuibuni katika mji wa Boston, jimbo lilo hilo. Na mwaka 1863, katika kijiji cha Sterling, jimbo hilo hilo tena, fundi Ebenezer Butterick alianza kuuza vielezo vya karatasi vilivyopangwa kwa saizi, ili mtu aliyeko nyumbani aweze kukata nguo bila ya kwenda kwa mshonaji. Viwili kati ya vitatu hivi viliingia Usukuma na kuenea. Cha tatu hakikupata kamwe kuwa chombo cha kawaida cha fundi. Kwa nini?

Cherehani ilikuja na biashara. Jina lake huhusishwa na neno la Kiajemi lenye maana ya gurudumu, na pamba yenyewe ina jina la asili ya Kiajemi. Mkasi tumeupata kwa Waarabu. Sindano, uzi na kushona ni maneno ya Kibantu, yaliyokuwako kabla ya wageni wote. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita Malampaka katika nchi ya Maswa, na pamba ikaanza kutoka kwa njia hiyo na bidhaa za madukani kuingia. Penye duka palikuwa na baraza, na barazani aliketi fundi na cherehani yake. Mteja alinunua kitambaa ndani, akakitoa nje, akapimwa papo hapo. Mafundi wa kwanza aghalabu walikuwa wanaume. Wanawake walijifunza zaidi katika misheni na katika vyama vyao, hata cherehani zikaingia majumbani.

Kielezo cha karatasi hakikuwa na mahali katika mpango huo. Kwanza, kilimtaka mtumiaji asome maelezo ya lugha ngeni. Pili, kilikisia mwili kabla ya kuuona, ambapo fundi wa barazani alikuwa na mwili mbele yake. Tatu, elimu ya fundi haikuwa ya kusomwa. Neno fundi lenyewe huhusishwa na kitenzi kufunda, na kijana aliipokea kazi kwa kuketi karibu na mwalimu wake, kutia uzi na kutazama mkono unavyokata. Alichoandika daftarini ni tarakimu tu: kifua, kiuno, nyonga, bega, mkono, urefu.

Lakini tarakimu zina upungufu wake. Kipimo chaweza kusema mkono una urefu gani, lakini hakiwezi kusema kwapa lipindwe namna gani, wala kola ilale vipi shingoni. Mapindo hayo hayatokani na futi. Hapa ndipo nguo kuukuu ilipopata kazi ambayo Butterick aliipa karatasi. Mteja huleta gauni alipendalo na kusema, nishonee kama hili. Fundi hulitandaza, hulikunja kwa urefu hata nusu mbili zikalaliana, hulipitishia chaki au kipande cha sabuni pembezoni, huongeza nafasi ya mshono, kisha hukata. Ikiwa nguo imechakaa sana, huifumua kwa wembe na kukipata kila kipande peke yake. Sisi wanaisimu tumejitengenezea neno ruwaza kwa mpangilio unaojirudia katika lugha. Fundi hahitaji neno hilo. Asema nguo ya mfano, na mfano wake anaushika mkononi.

Sasa tugeukie jinsi mfano na kitambaa vilivyopata kuwa kitu kimoja. Katika miaka ya 1950 mkulima wa pamba alipata nguvu mpya. Vyama vya ushirika vya kanda ya Ziwa viliungana mwaka 1955 katika Shirikisho la Victoria, Paul Bomani akiwa kiongozi wake mashuhuri, na fedha ya pamba ikanunua vitambaa. Baada ya Uhuru Serikali ilitaka pamba ifumwe nchini: kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, na Mwanza ikapata kiwanda chake cha Mwatex. Kwa muda ilionekana kwamba njia kati ya shamba na cherehani ya Maswa ingekuwa fupi. Haikuwa hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, kwa sababu nyingi pamoja na gharama ya vita vya mwaka 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin, viwanda vilikosa vipuri na fedha za kigeni, na kitambaa kikaadimika. Watu walipanga foleni kwa ajili ya doti ya kanga. Siku hizo elimu ya kugeuza nguo ilikuwa elimu ya kujisitiri: koti lilifumuliwa likashonwa upya ndani nje, suruali ya baba ikawa kaptula ya mwana, na kiraka kikawekewa kiraka.

Mwaka 1984 Serikali ilianza kulegeza masharti ya biashara, na wenye fedha za kigeni wakaruhusiwa kuingiza bidhaa. Nguo zilizovaliwa zikafurika. Watu waliziita kafa Ulaya, yaani mwenyewe amefia huko. Na si Watanzania peke yao waliofikiri hivyo, kwa kuwa katika Ghana huitwa obroni wawu, nguo za mzungu aliyekufa. Wazambia walitazama tendo la kununua wakaziita salaula, kuchagua kwa kufukua. Katika Kiswahili jina lililoshinda ni la mzigo: mitumba.

Badiliko hili lastahili kuangaliwa kwa makini. Mtumba uliokuwa mzigo ukawa kilichomo ndani ya mzigo. Leo shati moja ni mtumba. Na mzigo wenyewe, baada ya kunyang'anywa jina, ukahitaji jingine. Wauzaji wakachukua la Kiingereza wakasema belo, nao husema kufungua belo. Au wakatumia robota, neno lililokwisha kuwako. Robota ni neno la pamba. Pamba mbegu inapochambuliwa kiwandani, pamba nyuzi hushindiliwa na kufungwa marobota, na sehemu kubwa ya marobota ya Tanzania huuzwa nje. Basi kinachotoka Simiyu ni robota, na kinachorudi ni robota. Hakuna aliyekusudia kufanya mfano wa maneno. Lugha ilihesabu mizigo tu, ikakuta kwamba imefanana.

Tofauti na merikani ni hii, kwamba nguo sasa yafika ikiwa na umbo, na umbo hilo ni la mwili mwingine. Msafiri apitaye mnadani atawaona wanunuzi wa namna mbili. Wa kwanza atafuta nguo itakayomwenea. Wa pili haangalii kama itaenea. Apima upana, ageuza upande wa ndani atazame nafasi ya mshono, avuta kitambaa ajue kilivyofumwa. Huyo hununua pazia, shuka la kitanda, gauni pana, koti la mtu mnene, kwa sababu nguo kubwa ina kitambaa kingi. Akiwa na mashaka huchomoa uzi mmoja na kuuchoma: wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi, wa mafuta ya petroli huyeyuka na kugandamana kama kidonge. Nyumbani hufumua, hufua, hupiga pasi ya mkaa, kisha hutandaza vipande na kuvikagua kabla ya kukata. Vifungo na zipu huwekwa akiba. Katika gauni moja la zamani apata kitambaa, kielezo na viungo vyote, na kwapa lililokatwa Ulaya miaka 40 iliyopita laweza kutumika tena kwa binti wa Maswa.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba polepole ili kulinda viwanda vya nguo. Mwaka 2017 wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika, na Serikali yao ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Katika mjadala huo wote walitajwa mwenye kiwanda, mchuuzi na mvaaji. Fundi hakutajwa, wala mama mwenye cherehani nyumbani.

Sisemi haya ili kuitetea mitumba. Methali yasema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mkulima wa pamba ana haki ya kuvaa kipya. Mitumba iliyouzwa kwa bei ya chini iliwanyang'anya mafundi wengi kazi ya kushona nguo mpya, ikawaachia kupunguza viuno na kukata miguu ya suruali. Lakini siku pamba ya Simiyu itakapofumwa karibu na shamba lake, atahitajika mtu ajuaye kuikata, na mtu huyo hatatoka katika kitabu. Elimu yake ilikaa salama katika miaka ya dhiki kwa sababu aliifanyia mazoezi juu ya nguo za wengine. Akiachwa bila kazi, pasiwe na wa kumrithi, kitambaa kitapatikana na mkono utakosekana.

Kwetu sisi wa taaluma ya lugha pana wajibu ulio karibu zaidi. Istilahi za kazi hii ni nyingi na zimekusanywa kidogo: kufumua na kugeuza, kupunguza na kuongeza, nafasi ya mshono, upindo, nguo ya mfano, na majina ya kila kipande cha shati. Watunga kamusi hawana budi kuketi barazani na daftari, kama alivyoketi mwanafunzi wa fundi, na kuyaandika maneno hayo pamoja na matendo yake, wakiwa bado wapo wa kuulizwa.