Jirani wa Chato na tarakimu za 2015

Ukitoka Bukoba kwenda kusini unapita Muleba, kisha Biharamulo, na ukikata kuelekea ziwani unafika Chato. Hadi 2012, Mkoa wa Geita ulipoanzishwa, Chato ilikuwa Kagera. John Magufuli aliingia bungeni 1995 kupitia jimbo la Biharamulo Mashariki, kwa hiyo Bukoba na Muleba walimjua kama mtu wa kwao, na kama waziri wa ujenzi ambaye jina lake liliandamana na habari za lami.

Lakini Novemba 2014, shirika la Twaweza lilipotoa utafiti wake wa Sauti za Wananchi, waliotamba walikuwa wengine. Kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu Tanzania Bara zilipewa simu na chaja ya sola, kisha zikawa zinapigiwa na kuulizwa maswali. Kuhusu urais, 13% walimtaja Edward Lowassa, 12% Mizengo Pinda, 11% Dkt. Wilbrod Slaa. Mmoja alikuwa waziri mkuu mstaafu, wa pili waziri mkuu aliyekuwa madarakani, wa tatu mgombea urais wa 2010 wa chama cha upinzani, Chadema. Kwa maoni yangu, tarakimu hizo zilipima zaidi umaarufu wa jina. Aliyeongoza kwa 13% alikuwa bado hajaungwa mkono na watu 87 katika kila 100.

Na ndani ya chama tawala, CCM, waliokuwa na kauli ya kwanza hawakuwa wananchi waliopigiwa simu. Mei 30, 2015 Lowassa alitangaza nia ya kugombea urais mbele ya umati mkubwa jijini Arusha. Magufuli alichukua fomu bila mbwembwe, akazunguka kutafuta wadhamini 450 katika mikoa 15 kama kanuni ilivyotaka. Makada 38 walirudisha fomu. Usiku wa Julai 10, Dodoma, Kamati Kuu ilibakiza watano, na Lowassa hakuwamo. Wajumbe watatu wa Kamati hiyo, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walitoka nje wakawaambia waandishi wa habari kwamba hawakubaliani na uamuzi huo. Haikusaidia. Halmashauri Kuu ikabakiza watatu, na Mkutano Mkuu ukampa Magufuli kura 2,104, Amina Salum Ali 253, Asha-Rose Migiro 59.

Lowassa akahamia Chadema kabla mwezi haujaisha, akawa mgombea wa Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani. Septemba Twaweza ilimpa Magufuli 65% na Lowassa 25%. Safari hii mshindi alitabiriwa sawasawa, ila nguvu ya mpinzani ilipunjwa: katika uchaguzi wa Oktoba 25 Magufuli alipata 58.46%, Lowassa 39.97%. Bukoba Mjini yenyewe, wakati jirani yao akienda Ikulu, ilimwangusha mbunge wa CCM, Khamis Kagasheki, ikamchagua Wilfred Lwakatare wa Chadema.