Unaenda Kuskii Mara ya Kwanza? Panga Hizi Vitu Saba Kabla Hujapanda Ndege

Kama kuna msee amekushow kuteleza kwa theluji ni ya wazungu peke yao, mpe hii stori. Mwaka wa 1998, Mkenya Philip Boit alishiriki Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho kwa mbio za kilomita 10, lakini mshindi mwenyewe, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja pale mwisho ndio amkumbatie. Miaka 20 baadaye, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, akawa mwanadada wa kwanza kuwakilisha Kenya kwa hiyo Olimpiki, safari hii Pyeongchang, Korea Kusini.

Kwa hivyo kuskii unaweza. Noma ni kurudi nyumbani na magoti mazima na bila deni. Na hiyo inaamuliwa ukiwa bado Nairobi, si ukiwa juu ya mlima. Cheki rada hapa.

1. Chagua mahali na msimu

Milima ya Alps, yaani Austria, Ufaransa, Uswisi na Italia, msimu wake mkubwa ni Desemba hadi Machi. Ukitaka kubaki Afrika, kuna Afriski huko Lesotho, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari. Huko baridi ni Juni hadi Agosti, kwa hivyo usiende Desemba utapata nyasi. Wengi hupitia Afrika Kusini, na tangu Januari 2023 pasipoti ya Kenya inakuingiza huko bila viza hadi siku 90 kwa mwaka. Masharti ya Lesotho yenyewe yaulizie kabla hujalipa.

Hujui kama utapenda? Ski Dubai, iliyofunguliwa 2005 ndani ya Mall of the Emirates, iko na theluji mwaka mzima. Kama uko na binamu anafanya job Dubai ama ndege yako inapitia huko, jaribu masaa mawili kwanza. Ni rahisi kujua hupendi baridi hapo kuliko kujua ukiwa umelipia wiki mzima Austria.

2. Hesabu doh yote

Hapa ndio wengi huanguka kabla hata wavae buti. Unaona bei ya ndege na hoteli unasema "hii naweza". Hold kwanza! Kuna tiketi ya lifti ya kukupandisha mlima kila siku, kukodisha vifaa, pesa ya mwalimu, na chakula cha mlimani chenye bei yake si ya kibandaski. Uliza anayekuuzia safari: ndani ya hii bei kuna lifti? Kuna vifaa? Kuna masomo? Jibu likiwa "hapana" mara tatu, hiyo si bei, hiyo ni kianzio.

3. Viza na bima

Kwa Alps utahitaji viza ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari. Mwisho ni siku 15 kabla, lakini usingoje hapo. Lazima pia uwe na bima ya usafiri ya angalau euro 30,000.

Sasa soma hii mara mbili. Bima nyingi za kawaida hazilipi ukiumia ukiskii. Itakupatia viza sawa, lakini ukivunjika mguu uko peke yako. Na huko Austria, helikopta ikikuja kukutoa mlimani, bili inaweza kuwa maelfu ya euro, na inakuja kwa jina lako. Ambia kampuni ya bima wazi kwamba unaenda kuskii, uongezewe michezo ya baridi, na uhakikishe uokoaji wa mlimani umeandikwa kwa karatasi. Ahadi ya simu si bima.

4. Miguu, anza wiki sita kabla

Kuskii ni kukaa nusu-squat masaa mzima. Kama mazoezi yako ni kukimbilia mathree, mapaja yatakuwaka siku ya kwanza. Mara tatu kwa wiki piga squats, lunges na planki, kisha egemea ukuta kama umekalia kiti cha hewa, uhesabu hadi 60. Kama unaishi flat, sahau lifti, panda ngazi. Wikendi pandeni Ngong Hills na mbogi.

Hii si ya kujenga mwili wa picha. Jeraha la goti ni moja ya zile kubwa kwa huu mchezo, na miguu ikichoka goti ndilo linabeba mzigo.

5. Nguo

Jinzi acha keja. Pamba pia. Ikishika jasho ama theluji, inabaki na maji na unaganda. Vaa safu tatu: ya ndani nyepesi inayoshika mwili na si pamba, ya kati ya fleece, ya juu isiyopitisha maji wala upepo. Usinunue koti jipya. Chimba mitumba Gikomba ama Toi, koti za kuskii huwa ziko. Mwagia koti maji kidogo kabla ulipe. Maji yakiteleza, chukua. Yakizama, rudisha.

Ongeza glavu zisizopitisha maji, miwani ya theluji na mafuta ya jua. Usiseme ngozi yako ni nyeusi haiungui. Theluji mpya inarudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua, inakupata kutoka juu na chini.

6. Vifaa kodisha

Mbao, fimbo, helmeti na buti vyote vinakodishwa pale pale. Buti inafaa ikubane. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo, ukikunja magoti virudi nyuma. Vaa soksi moja ndefu nyembamba. Mbili zinaleta malengelenge.

Ukiulizwa uzito, usidanganye hata kilo moja. Ile bindingi inayoshika buti hupimwa kwa kilo zako, urefu, umri na uzoefu, ndio ifunguke ukianguka. Ukidanganya inaweza kukataa kufunguka, na goti ndilo litalipa.

7. Lipia mwalimu, jua sheria

Usikubali beshte "akufunze". Lipia darasa la wanaoanza, angalau siku tatu za kwanza. Utafunzwa kubreki kwa kuleta ncha za mbele za mbao karibu na kupanua nyuma, umbo la kipande cha pizza. Egemea mbele, mifupa ya miguu iguse buti. Ukiogopa utataka kuegemea nyuma, na hapo ndipo mbao zinakukimbia.

Rangi za njia nazo zishike: kijani (Ufaransa) na bluu ni za wanaoanza, nyekundu ni ngumu, nyeusi ni ya wenyewe. Msee aliye mbele yako ndiye ana haki ya njia, wewe wa nyuma ndiye unamkwepa. Usisimame katikati ya njia kupiga selfi, simama pembeni.

Na mapaja yakianza kutetemeka saa tisa mchana, usiseme "moja ya mwisho". Shuka na lifti, kunywa kitu moto, rudi kesho asubuhi.